Sambusa za Wageni wa Mutheu

…samahani, inaanza vibaya, hata humu kichwani mwake mwenyewe, ambako hakuna wa kumzomea wala wa kumrushia chupa ya maji, Ngui anaianza hadithi kutoka mkiani, mtu mzima aliyefunzwa uchekeshaji wa jukwaani, ambaye angepaswa kuonyesha nyumba kwanza, halafu wageni, halafu jiko, ndipo alete lile neno, lakini lile neno limeshatoka, limepenya pazia linalotenga sebule na jiko likamkuta ameshika manda ya kufungia sambusa kwa mkono wa kushoto na kijiko cha nyama kwa mkono wa kulia, Kiema amekohoa, amenyamaza, kisha amesema, "Basi wageni wetu, anayesimama hapa leo kama baba wa msichana ni mimi," na kinachomuuma Ngui, zaidi hata ya maneno yenyewe, ni kwamba Kiema aliyapanga vizuri, Kiema huyu, kaka wa mke wake, dereva wa lori la saruji ambaye hajawahi kumchekesha hata mtoto mchanga, amekohoa, amehesabu moja, mbili, ameacha sebule nzima imngojee, halafu ile "mimi" akaiweka mwisho kabisa, pale pale ambapo mwalimu wa maigizo wa Ngui alikuwa akisema mzigo utuliwe, na sebule ikasema mmm, wageni wote kumi na wawili wa kutoka Kariobangi, watu wa Johnson waliokuja kumposea Mutheu, wakasema mmm, hakuna hata mmoja aliyeuliza, na je, baba mwenyewe yuko wapi, na baba mwenyewe yuko hapa, hatua nne nyuma ya pazia, amevaa fulana ya ndani, ana unga mpaka kwenye nyusi, anawafungia sambusa…

kunja, pembe juu ya pembe, kunja tena, mfuko umepatikana, kijiko kimoja cha nyama, usishindilie, gundi ya unga wa ngano pembeni, funga, bonyeza, weka, na ni ndogo, hilo nalo, ndogo za kumezwa mara moja, mke wake Kavata alisisitiza jana akipima kwa kidole gumba na cha shahada, ndogo hivi, Baba Mutheu, watu wa Johnson wasikae kwangu wakivuja mafuta mpaka viwikoni, na yeye akamwambia hizo si sambusa, hizo ni hereni, zitoboe tu mtu avae, na Kavata akacheka, mwanamke ambaye tayari alijua kitakachosemwa leo sebuleni alicheka mpaka akashika mlango, kisha akasema hakuna mtu Makongeni nzima anayefunga sambusa kama wewe, na yeye akavimba, mjinga, akavimba kama andazi, akaenda soko la Burma mwenyewe kusimamia nyama ya ng'ombe ikisagwa, isichanganywe na mafuta mengi, akaikaanga bila tone la maji mpaka ikawa inachezacheza chunguni kama mchanga mkavu, tangawizi, saumu, pilipili ya kijani, bizari nyembamba, akaepua, ndipo akatia vitunguu na dania, kwa sababu kitunguu ukikitia motoni kinatoa maji, na maji yakiingia kwenye manda sambusa inapasuka ndani ya karai na kumwaibisha mwenye nyumba, mwenye nyumba, sikia hilo, mwenye nyumba ni Kiema sasa, kama ni kuaibika aaibike Kiema, Ngui atie maji tu, atie kikombe kizima, zipasuke zote mia na hamsini kama fataki…

hatii maji, mikono inakataa, mikono haina habari kwamba imesalitiwa, inakunja tu, pembe juu ya pembe, na mlangoni kwa uani Truphena, jirani wa nyumba ya pili, amekaa kwenye kigoda mbele ya karai, anazichota sambusa kwa kijiko cha matundu na hasemi kitu, Truphena ambaye husema hata akiwa amelala, ukuta ni mwembamba na Ngui amemsikia, leo ananyamaza, basi naye alijua, kila mtu alijua, mpaka aliyekuja kushusha viti vya kukodi pengine alijua, alimtazama kwa huruma, Ngui akadhani ni kwa sababu ya fulana…

na suti iko pale, imening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, ile ya kijivu, Kavata ameipiga pasi mpaka mstari wa suruali unaweza kukata mkate, ameipiga pasi asubuhi hii hii huku akimwambia malizia kwanza sambusa ndipo uoge, wageni watakuita, kwa nini mtu apige pasi suti ya mtu ambaye hataitwa, huo ndio usaliti wenyewe, si kule kunyang'anywa kiti, ni pasi, angeiacha ikiwa na makunyanzi mtu angeelewa mapema, na Jumapili iliyopita Kavata alipanda gari na Kiema wakaenda kwao Mwala kuwajulisha wazee, alirudi jioni na maharagwe na maembe mawili, akasema wazee wanakusalimu, wanakusalimu, wazee walikaa chini ya paa la baba yake Kavata wakampangua yeye kama meza iliyovunjika mguu, kisha wakamsalimu…

sebuleni mtu anavuta kiti, Kiema tena, sauti yake ya kuendesha lori mlimani, anasema mliuliza vizuri katika barua yenu, wageni wetu, mliuliza ni nani atakayewapokea ambaye mkono wake hauna tatizo, na sisi tukasema hawa ni watu wanaojua mila, tukakaa, tukalitengeneza, na Ngui mkono unasimama hewani, kijiko kimejaa nyama, waliuliza, watu wa Kariobangi waliuliza, kwa maandishi, kabla hata hawajafika, basi mtu aliwaambia, kuna mtu alikwenda mpaka Kariobangi akawaambia watu wa Johnson kwamba Ngui hakupeleka mbuzi…

mbuzi watatu tu, ntheo, ambao kila kijana wa Kikamba huwapeleka nyumbani kwa baba mkwe wakachinjwa pale uani, wazee wakala, na mpaka waliwe mke si mke, ni binti wa watu aliyekuja kukutembelea akakawia, hata padri awe amewafungisha, hata muwe na watoto na picha ukutani, na mwanamume asiyepeleka wa mke wake hakai kwenye kiti kupokea wa binti yake, kiti hicho kinarudi kwao mke, kwa baba yake, na kama baba amezikwa ni kwa kaka yake, na akijitia kichwa kigumu akipokee hivyo hivyo, wazee wanasema atakayeumia si yeye, ni binti, ni tumbo la binti, na Ngui haamini hayo, aliwahi kusema haamini, alisema hayo ni mambo ya Mwala, hapa ni Jogoo Road, hapa mbuzi anakuja akiwa tayari ametiwa chumvi, lakini Kavata anaamini, Kavata ambaye alipoteza mimba mbili kabla ya Mutheu na hakuwahi kusema kitu, alimtazama tu, halafu akatazama pembeni, na miaka hiyo yeye alidhani ni macho ya huzuni ya kawaida…

aaa, hapana, asiende huko, arudi kwa msaliti, msaliti ni nani, Nairobi hii nani anajua mambo ya mtu, kama si kuambiwa ungejuaje, mtu anaishi na mke miaka ishirini na minne, wanakwenda kanisani pamoja, wanagombana kwa sauti ya heshima, nani angesema hawa hawana ntheo, haiandikwi kwenye paji la uso, basi ni Truphena, hakuna haja ya kutafuta mbali, mwanamke mwenye mdomo kama spika ya kinyozi, ana dada yake kule Kariobangi, Jumatano hii alikwenda kumwona…

"Truphena."

"Niambie, Baba Mutheu."

"Wewe na dada yako mlikuwa mnaongea nini juu ya nyumba yangu?"

na Truphena hageuki, anatikisa kijiko, mafuta yanadondoka, anasema kwa taratibu kwamba dada yake alihama Kariobangi mwaka juzi, yuko Kakamega analima, na kwamba kama anataka mtu wa kugombana naye amngoje amalize karai hili, mafuta yameshika moto sana sasa hivi, hayafai kwa hasira, kisha anasukuma sinia upande wake, anasema lete zingine, zako leo zimekuwa za kizungu, mtu anakula tano na hajaanza, na Ngui anamsukumia sinia iliyojaa, na ameishiwa na mshukiwa wa kwanza…

basi ni Wathome, rafiki yake wa jukwaani, miaka kumi na sita wakipokezana maikrofoni, Wathome alikuwa na kijicho, siku zote watu walimcheka Ngui zaidi, hivyo Wathome akakaa na siri yake kama mtu anayefuga kuku, akingoja siku ya kumchinja, lakini Wathome yuko Athi River na koo lililofanyiwa upasuaji, anaongea kwa kunong'ona kama mtu aliyejificha kabatini, alipompigia juzi kumwambia Mutheu anapata wageni alinong'ona tu, "Ndugu yangu, umeshatengeneza ile yako?" na Ngui akasema ile gani, akacheka, akakata simu, ile gani, kama haijui…

basi Kavata mwenyewe, afadhali iwe Kavata, angalau amjue adui yake kwa jina na saizi ya kiatu, lakini hapo hapo, kabla hajakunja pembe ya pili, linamjia jambo alilolisikia mwaka ule wa kura, amerudi nyumbani mapema, akina mama wa jumuiya ya kanisani wamejaa sebuleni, na mmoja wao, yule mrefu wa kwaya, anauliza kwa utamu, na nyinyi Mama Mutheu, mlimaliza mambo yenu ya nyumbani, na Kavata, mtu asiyeweza kumdanganya hata mtoza tiketi, anajibu bila kumeza mate, "Tulimaliza zamani, tena baba yangu alikula akabakisha," na Ngui alikuwa nje ya mlango na begi lake, alisikia, akasubiri dakika nzima ndipo akabisha hodi, na alipoingia akawachekesha wale akina mama mpaka chai ikawapita puani, akajiona mtu mzuri sana, mke wake ametenda dhambi kwa ajili yake na yeye amewatolea vichekesho…

si Kavata, na Kiema pia si yeye, hebu fikiria, Kiema ana faida gani, dada yake alichukuliwa bure bure mchana kweupe, hiyo ni aibu ya nyumba yao kabla ya kuwa aibu ya Ngui, Kiema angeifukia kama mtu anavyofukia taka, basi ni nani, kunja, ni nani, gundi, na kila jina analolichukua linamkatalia mkononi, na pazia linafunguka…

Mutheu anaingia na trei tupu, kitenge cha buluu, nywele zimesukwa kwenda juu, na amependeza mpaka Ngui anasahau kidogo kwamba amekasirika, ana mabega ya bibi yake, mama yake Ngui, na Mutheu hamtazami, anatazama sinia, anasema Baba, zilizokwisha ni ngapi, wameanza kuangalia jikoni…

"Ulijua?"

anahamisha sambusa kwenye trei, moja moja, kwa ncha za vidole, zina moto…

"Mutheu, nimekuuliza. Ulijua mjomba wako atakaa pale?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia. Baba yako."

ndipo anamtazama, na macho yake hayana hasira, afadhali yangekuwa na hasira, hasira mtu anaweza kuichezea, anasema kwa sauti ya chini ili Kariobangi isisikie, "Ningekuambia, Baba, ungeifanya kichekesho," kisha anachukua trei, pazia linafunguka, linafungwa, na sebule inapiga kelele za furaha kwa ajili ya sambusa, ooh, angalia zilivyo ndogo, nani amezitengeneza hizi, na Kavata anasema, Ngui anamsikia vizuri, anasema ni Baba Mutheu…

ungeifanya kichekesho, sawa, na kwa nini asiifanye, hiyo ndiyo dawa, ndiyo, afanye hivyo hivyo, ameshindwaje kuliona hilo tangu mwanzo, hapa amekaa anatafuta msaliti kama askari wa kanzu na anacho chombo mkononi miaka yote, aweke kijiko chini, apanguse mikono, asivae hata suti, aingie hivi hivi na fulana na unga, unga utamsaidia, mtu mwenye unga kwenye nyusi amekwisha kuchekesha nusu kabla ya kufungua mdomo, asimame kati ya Kiema na kile kiti, anyamaze, hesabu moja, mbili, awaache wamtazame kutoka juu mpaka chini, kisha aanze, na aanze na kitu kikubwa, chenye uhakika, wageni hawa hawamjui, au wanamjua kwa ubaya, lazima awapate na cha kwanza, na bila hata kukitafuta kinakuja, kinakuja chenyewe kama mbwa anayeitwa kwenye chakula, kile chake kikubwa kuliko vyote, alichokitoa Kaloleni, akakitoa Umoja, Kayole, harusini, kwenye michango ya kanisa, miaka kumi na tisa hakijawahi kuanguka hata siku moja, jamani watu wangu, nimeishi na binti wa mzee mmoja wa Mwala miaka yote hii na sijampelekea hata mkia wa mbuzi, mkia, mzee wa watu kila mbuzi akilia barabarani anatoka nje kuangalia…

na hapo hata kichwani mwake anasubiri, kwa sababu hapo ndipo wanapocheka, hapo lazima umpe mtu nafasi, wengine hupiga meza, na anasubiri, na humu kichwani hakuna anayecheka, kuna mafuta tu yanayochemka na Truphena anakohoa moshi, anajaribu sehemu ya pili, amejenga na kizizi, jamani, kizizi cha mbuzi watatu, kipya, na mlango, kila asubuhi anakifagia, mnajua kuna taka gani kwenye kizizi kisicho na mbuzi, na hiyo nayo inapita tupu, kwa sababu kizizi kilikuwa cha kweli, hakukibuni, Kavata ndiye aliyemwambia usiku mmoja, alimwambia akilia, baba amejenga kizizi, Baba Mutheu, anasema utakuja Desemba, na yeye alimshika mkono mke wake gizani, akamhurumia kweli kweli, na Jumamosi iliyofuata kizizi kilikuwa Kaloleni mbele ya watu mia tatu, na mlango wake…

na mbuzi aliwanunua, hilo aandikiwe mahali, mwaka Mutheu alipoingia darasa la kwanza alikwenda Kiamaiko akanunua mbuzi watatu wazima, wawili wekundu na mmoja mwenye ndevu kama za kasisi, wakalala hapa uani siku mbili, kesho yake wangepanda gari kwenda Mwala, Kavata alikuwa ameshafunga nguo za watoto, lakini kesho yenyewe ilikuwa Jumapili, na kabla yake kulikuwa na Jumamosi, usiku wa onyesho, na Wathome akapita akawaona, akasema hebu fikiria ukiingia nao, na akaingia nao, akawaleta jukwaani na kamba, yule wa ndevu akapanda kwenye meza ya mwenye ukumbi akala karatasi za ratiba, na watu walilia, watu walianguka chini wakilia kwa kicheko, hajawahi kupata usiku kama ule na hatapata, na mwenye ukumbi akasema wiki ijayo uje nao tena, na ile ijayo, na Kavata akafungua nguo za watoto akazirudisha sandukuni, na Krismasi kikundi kizima kikawala na chapati, Wathome, yeye, watu wa ngoma, wakafurahi, na hii Januari, barua ya watu wa Johnson ilipofika, Kavata alikaa kando yake kitandani akasema bado haijachelewa, tuanze na yetu, tupeleke kwa Kiema, kaburi la baba liko pale atasikia, na yeye akasema nini, akasema, "Tukipeleka, Jumamosi nitaongea nini?" akacheka peke yake, na mwezi huo ndio Kavata alianza kuongea na Kiema kwenye simu akiwa nje…

sebuleni wanatafuna, mtu anaomba maji ya kunawa, Mzee Mugo, baba yake Johnson, fundi wa mageti, sauti nzito ya mtu aliyezoea kushindana na nyundo, anamwambia Kiema kwamba wasichukulie vibaya lile swali la kwenye barua, hata kwetu ni hivyo hivyo, usipomaliza yako huketi kwa ya mtoto, na sisi hatukuja kuchimba nyumba ya watu, na Kiema anamuuliza, kwa adabu sana, kwamba hata mimi nimejiuliza, mzee, ni nani aliyewaambia, na Ngui anasimama kwa mara ya kwanza tangu saa kumi na mbili asubuhi, magoti yanalia, anasogea kwenye pazia na sambusa isiyofungwa kiganjani, pembe yake moja imening'inia, sasa lisemwe, jina, lisemwe tu moja…

"Hatukuambiwa na mtu," Mzee Mugo anasema. "Ni yeye mwenyewe. Tulikwenda kumwona Umoja, mimi na mama yake Johnson, siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu. Tulicheka, nikuambie kweli, mama alishikwa na kikohozi. Kumbe siku zinakuja, kijana anatuletea jina la msichana, tunauliza baba yake ni nani, tukanyamaza."

na mtu mmoja anasema sambusa hizi ni tamu lakini, na mwingine anasema kweli, na Ngui bado amesimama, sambusa bado haijafungwa, Truphena anamwambia kwa upole kaa chini, Baba Mutheu, manda zinakauka, na anakaa, anatia kidole kwenye gundi, anapaka ile pembe, anaibonyeza, anaibonyeza zaidi ya inavyohitaji, hawa wote aliokuwa akiwapeleka kizimbani asubuhi hii, Truphena na mdomo wake, Wathome na koo lake, Kavata aliyedanganya mbele ya jumuiya, Kiema na lori lake, watu hawa walifunga midomo miaka ishirini na minne, walimfichia, Makongeni nzima ilimfichia, na hata mzee mwenyewe, Mzee Muthama, baba yake Kavata, na hapa Ngui angependa kusimamisha kichwa, akiwekee jiwe gurudumuni, lakini kimeshashika mteremko, Mzee Muthama alikuja Kaloleni mwaka mmoja kabla ya kufa, Nairobi alikuja kuona daktari wa macho, hakusema kama atapita ukumbini, alitaka tu kuona kazi ya mkwe wake, akalipa kiingilio chake mwenyewe mlangoni, na Ngui alimwona wakati yeye jukwaani ameshafika katikati ya kichekesho cha mkia wa mbuzi, alimwona akikaa taratibu kwenye kiti cha ukutani, bandeji kwenye jicho moja, angeweza kugeuza, mtu aliyefunzwa anajua kugeuza, unaruka kwenye kisa cha mlevi au cha mhubiri na hakuna atakayejua, lakini watu walikuwa wameshaanza kuinuka kwenye viti, walikuwa wamefika pale, na kizizi kilikuwa kinafuata, kizizi ndicho kilichokuwa kikiwamaliza, na jukwaani mtu hafikirii kwa kichwa, anafikiria kwa masikio, na masikio yalisema endelea, sasa anakaa hapa na unga kwenye nyusi akiwalaumu watu, ati nimesalitiwa, wasaliti wote duniani hunong'ona, wanakuvuta pembeni, wanafunga dirisha kwanza, yeye alishika maikrofoni, akaigonga mara mbili kuona kama inafanya kazi, na usiku ule, kabla ya kizizi, akauliza, mlioko kule nyuma, mnanisikia, na kule nyuma kabisa, ukutani, mzee akainua kofia.